Kanisa la kale likigeuzwa nyumba ya muziki

Mjini Utrecht, Uholanzi, kanisa la Buurkerk lililojengwa Enzi za Kati limekuwa tangu 1984 makao ya Museum Speelklok, makumbusho ya vyombo vya muziki vinavyojipiga vyenyewe, kuanzia saa zenye nyimbo hadi mashine inayopiga fidla. Mfano huo unatuvutia sisi wa Moshi, ila hauchukuliki mzima mzima, kwa sababu wenzetu waliishiwa waumini ilhali sisi tunaishiwa nafasi. Usharika unapomaliza kanisa jipya, lile la wamisionari hubaki pembeni likihifadhi viti vya plastiki na masufuria ya harusi, kama halijavunjwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, hivyo makanisa yao hayana kinga hiyo mpaka waziri ayatangaze.

Wanaopinga kanisa la zamani kugeuzwa makumbusho ya muziki wana hoja nzito. Mzee aliyebatizwa mle ndani, na ambaye wazazi wake wamelala hatua chache kutoka mlangoni, hataki kuona mgeni mwenye tiketi akipigia picha altare. Kwa Wakatoliki, Kanuni namba 1222 ya sheria za Kanisa inamruhusu askofu kulitoa kanisa katika ibada, mradi matumizi mapya yasiwe ya aibu, na sidhani kama muziki unaweza kuitwa aibu. Hata Buurkerk ina kumbukumbu yake: Suster Bertken, mtawa mtunzi wa nyimbo, alijifungia katika chumba kidogo kanisani hapo kwa miaka 57 hadi alipofariki mwaka 1514. Muziki, basi, haukuingia humo na makumbusho.

Ninaegemea upande wa wanaounga mkono, na sababu yangu ni matarumbeta. Vikundi vya Kilutheri vinavyopuliza kwenye mazishi na alfajiri ya Pasaka vina vyombo vya zamani vilivyobonyea, vilivyochomelewa kwa risasi, mdomo wa kupulizia umefungwa leso usipotee. Kikipasuka, hutupwa darini, na jina la aliyekipuliza miaka arobaini hupotea pamoja nacho. Hata hivyo, kuvipanga tu nyuma ya kioo kungekuwa kuvizika mara ya pili. Kule Utrecht waongozaji huvipigisha vyombo mbele ya wageni, lakini vile vina springi na mvukuto. Tarumbeta linahitaji pumzi ya mtu, kwa hiyo jengo letu lingepaswa kuwa pia mahali pa vijana kufanyia mazoezi, jioni za katikati ya wiki, mlango ukiwa wazi.

Linabaki suala la ufunguo. Mfadhili akitengeneza paa, atataka pia kupanga saa za kufungua na bei ya kiingilio, na familia iliyokuja kupalilia kaburi la babu isije ikaambiwa ikate tiketi getini. Hilo liandikwe kwenye mkataba, na wazee wa kanisa wausome, kabla bati la kwanza halijaezuliwa.