Wamaore si wasaliti

Ukitaja Maore, kile kisiwa cha Komoro kinachopeperusha bendera ya Ufaransa mpaka leo, utasikia kwamba Paris ilikipora na wenyeji wake ni wasaliti. La uporaji lina hoja nzito. Viongozi wa Afrika walikubaliana Cairo mwaka 1964 kuwa mipaka iliyoachwa na mkoloni isiguswe, na Novemba 1975 Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro ikiwa na visiwa vinne, Maore kikiwemo. Tena katika kura ya visiwa vyote vinne ya Desemba 22, 1974 zaidi ya asilimia 94 walitaka uhuru. Paris ikageuka, ikataka katiba mpya ipitishwe na kila kisiwa peke yake. Moroni, mji mkuu wa Komoro, ina kila sababu ya kulalamika.

Neno usaliti ndilo nisilolikubali. Katika kura hiyohiyo, karibu theluthi mbili ya wapiga kura wa Maore walisema hapana. Waliobaki walisema ndiyo, yaani jambo lenyewe lilibishaniwa, na wengi wakaamua. Kwangu matokeo hayo yana maana kuliko yale ya Februari 1976, Maore ilipopiga kura peke yake na zaidi ya asilimia 99 wakachagua kubaki Ufaransa.

Na uamuzi ule haukuzuka tu. Mwaka 1958 baraza la visiwa liliamua kuhamisha makao makuu kutoka Dzaoudzi, Maore, kwenda Moroni. Kazi za ofisini zikahama, na wanaume wakazifuata. Huko Maore nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye huhamia kwake. Kwa hiyo wanawake walibaki na nyumba zao, na biashara ikidorora. Ndio hao, akina Zéna M'Déré na wenzake, waliokuwa wakiwazingira viongozi wanaotoka Moroni na kuwatekenya mpaka waondoke. Walichokiogopa ni kutawaliwa na Ngazija, kisiwa chenye Moroni.

Anayedhani hofu hiyo ilipandikizwa na Wafaransa aitazame Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro. Kisiwa hicho kiliupigia uhuru kura karibu zote. Mwaka 1997 kikatangaza kujitenga, watu wakapandisha bendera ya Ufaransa na kuomba warudishwe, Paris ikakataa. Lalamiko lao lilikuwa lilelile la Maore: kila kitu kinaishia Moroni.

Hata hivyo, kuna gharama ambayo siwezi kuitetea. Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kuingia Maore. Kutoka Nzwani ni kilomita 70 hivi, na wasioipata viza huvuka usiku kwa kwasa-kwasa, yaani mashua ndogo, zilizojaa kupita kiasi. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria waliokufa tangu 1995 kuwa kati ya 7,000 na 10,000. Wapo waliokuwa wakiwafuata ndugu, au hospitali. Kizuizi hicho kiliwekwa na serikali ya Balladur, waziri mkuu wa Ufaransa wakati huo, miaka 20 baada ya kura. Mwanamke wa Maore aliyesema hapana mwaka 1974 hakuulizwa kama dada yake wa Nzwani afungiwe bahari.