Nyaya Zisizojengwa Nazo Tunazilipia

Ukinunua stima ya Sh500, ujumbe unaoingia kwenye simu huwa na tarakimu 20 za tokeni, na chini yake pesa zako zimekatwa mafungu mawili: zilizonunua umeme wenyewe, na gharama nyinginezo. Fungu la pili ndilo hutupandisha mori. Humo mna mafuta ya jenereta, kuyumba kwa shilingi, ada ya umeme vijijini na VAT. Basi Mkenya akisikia kwamba gharama ya nyaya mpya za msongo mkubwa, au ya betri kubwa za gridi, irudishwe kupitia bei ya umeme, hasubiri maelezo. Hataki.

Simlaumu. Ila hesabu anayoikataa amekwisha kuilipa, na pengine kwa bei mbaya zaidi.

Tazama Loiyangalani, kaunti ya Marsabit. Mitambo 365 ya upepo, megawati 310 kwa jumla, ilikuwa imesimikwa tayari mwaka 2017. Nyaya za kuupeleka umeme huo hadi kituo cha Suswa, kaunti ya Narok, zaidi ya kilomita 400, hazikuwapo. Fidia za ardhi zilikuwa zimekwama, kisha kampuni ya Kihispania iliyopewa kazi, Isolux, ikafilisika. Kazi ilimalizwa na Wachina mwaka 2018. Mkataba wa kununua umeme huo nao ulikuwa wazi: mitambo ikiwa tayari na nyaya hazipo, mwenye mitambo analipwa kana kwamba umeme umefika. Upepo ulivuma, taa haikuwaka hata moja, na deni likahesabika mabilioni ya shilingi. Sehemu ilitoka hazina, sehemu ikapachikwa kwenye bei ya umeme wa upepo uliokuja baadaye. Kila nikiona mjadala wa "msituongezee bili" narudi kwenye miezi ile. Hakuna aliyetuuliza kama tungependa kulipia nyaya ambazo hazipo.

Na tusidanganyane kwamba zikijengwa kwa mikopo ya serikali ndiyo bure. Mkopo hulipwa na kodi. Mfugaji wa Marsabit anayeiona minara ikipita juu ya mbuzi wake, na kwake hakuna hata balbu, hukatwa ushuru kila anapoweka salio la simu. Kiwanda cha Thika kinachomeza umeme usiku na mchana kinachangia mkopo uleule bila kujali kinatumia uniti ngapi. Gharama ikiwa ndani ya bei, angalau anayetumia zaidi analipa zaidi. Mimi naona hapo pana haki kuliko inavyosemwa.

Betri nazo zina hoja inayofanana. Usiku wa manane Wakenya wamelala, na mvuke wa ardhini unaozalisha umeme kule Olkaria wakati mwingine huachwa upotelee hewani kwa kukosa mnunuzi. Jioni ifuatayo, kati ya saa moja na saa tatu, nchi nzima inawasha taa kwa pamoja, na mitambo ya mafuta huitwa kuziba pengo. Betri ingejazwa na mvuke ule wa usiku, ikamwagwa jioni. Taabu ni kwamba betri haizalishi hata uniti moja. Mwenye nayo hulipwa kwa kuwa tayari, na maneno hayo "kulipwa kwa kuwa tayari" yanatukumbusha jenereta za mafuta tulizozilipia zikiwa zimelala.

Wapinzani wana sababu. Mwekezaji akihakikishiwa kwamba kila shilingi itarudi pamoja na faida, hana haraka ya kubana matumizi. Mnara wa bei ghali humpa faida kubwa zaidi. Mkopo ukiwa wa dola, shilingi ikianguka anayeumia ni mwenye tokeni. Tena wenye pesa wanajiwekea sola na kupunguza kununua umeme wa gridi, na mzigo unabaki kwa wale wasio na paa lao. Mkataba wa kujenga nyaya kati ya KETRACO, shirika la serikali la kusafirisha umeme, na kampuni ya Kihindi ya Adani, wa Oktoba 2024, miaka 30, dola milioni 736, ulikuja na maswali mengi kuliko majibu. Mahakama Kuu iliusimamisha mwezi huohuo, na Novemba Rais Ruto akaufuta baada ya mashtaka ya Marekani dhidi ya mwenye kampuni, Gautam Adani. Mradi ukafa. Mahitaji ya nyaya hayakufa nao.

Kosa la Loiyangalani lilikuwa tarehe: saa ya malipo ilianza kuhesabu kabla umeme haujasafiri. EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, ina uwezo wa kukataa hilo. Nyaya au betri iingie kwenye bei siku inapofanya kazi, kwa kiasi inachofanya kazi, na aliyechelewesha abebe riba ya miezi aliyochelewesha. Kuagiza tu bei ishuke tulikwisha kujaribu: Januari 2022 ilipunguzwa kwa asilimia 15, na Aprili 2023 bei mpya zikapanda.

Bei hizo za 2023 zilipangwa kufika Juni 2026. Kwenye vikao vya umma vya bei zinazofuata, wengi watauliza uniti itakuwa shilingi ngapi. Mimi ningeanza na ukurasa unaosema malipo ya kila mradi yanaanza lini, na nani anagharamia siku za katikati.