Mashine ya presha ya nyumbani: bar zisikupumbaze

Muuzaji wa mashine za kuoshea kwa presha anajua namba ya kukunasia. Ni ile ya bar, yaani kipimo cha presha, imechapwa kwa herufi nene mbele ya boksi, na kila boksi linalofuata kwenye rafu lina kubwa zaidi: 120, 150, 180, 200. Wengine huandika kwa PSI, kipimo kingine cha presha hiyohiyo, ili namba ipande hadi maelfu. Bar 1 ni PSI 14.5, kwa hiyo "2900" si chochote zaidi ya "200" iliyovaa suti. Msimamo wangu ni huu: kwa mtu anayeosha gari lake, ngazi za nyumba, uwanja wa saruji na viti vya bustani, bar ndiyo namba ya mwisho kuitazama. Kabla yake kuna lita, wati za mota, maji yanayotoka kwenye bomba lako mwenyewe, na swali la kama vipuri vinapatikana.

Nianze na hesabu ambayo ningependa kila mnunuzi aende nayo dukani, maana haihitaji hata simu. Chukua bar, zidisha kwa lita za maji kwa dakika, gawanya kwa 600. Jibu ni kilowati, yaani nguvu ambayo pampu inapaswa kuyapa maji. Tuseme boksi linadai bar 200 na lita 8 kwa dakika. Mara 8 ni 1,600, gawanya kwa 600 unapata kilowati 2.67. Sasa geuza boksi usome kibandiko cha mota: wati 1,800. Hapo pana kasoro, kwa sababu maji hayawezi kutoka na nguvu kubwa kuliko iliyoingia kwa waya, na bado hatujakata ile inayopotea kama joto ndani ya mota na pampu yenyewe.

Je, wamedanganya? Si lazima. Bar 200 ni kilele ambacho pampu inaweza kukigusa, na lita 8 ni maji yanayopita pale yasipobanwa na kitu. Namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli, ila hazitokei kwa wakati mmoja, na wewe unaosha katikati yake. Tafuta presha ya kazi, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwa maandishi madogo kwenye kibandiko cha mashine au ndani ya kijitabu. Kwa mota ya wati 1,800, ukitoa kinachopotea, tarajia kitu cha bar 110 hadi 125 kwa lita 6 au 7. Habari njema ni kwamba hicho kinatosha.

Kinatosha kwa sababu kazi zimegawanywa. Presha inaung'oa uchafu pale ulipong'ang'ania. Wingi wa maji ndio unaoubeba na kuondoka nao. Mashine yenye bar nyingi na lita chache utaijua kwenye uwanja wenye tope: inachimba mstari safi mwembamba, tope linaruka, linatua nusu mita mbele, unalifuata, linaruka tena. Unamaliza saa nzima ukiwa umelihamisha tu. Ukiniwekea mbili mezani, moja ya bar 150 na lita 5, nyingine ya bar 110 na lita 7.5, nachukua ya pili bila kuuliza rangi.

Gari nalo lina sababu zake za kuchukia bar nyingi. Piga magoti mbele ya gari lolote lililokwisha kutembea barabara kuu, utazame ukingo wa boneti. Utaona vidoa kama vya ncha ya kalamu, pale kokoto zilipogonga. Kila kidoa kina ukingo wa rangi ulioinuka kidogo sana, hauuoni mpaka uupitishie ukucha. Maji makali yakipita karibu, yanaingia chini ya ukingo huo na kubandua kipande chote. Bampa zilizopakwa rangi upya gereji ni hatari zaidi, kwa kuwa mara nyingi rangi yake haikushika plastiki vizuri tangu mwanzo. Stika na vipande vya plastiki vilivyogandishwa kwa gundi viko kwenye foleni hiyohiyo.

Ndiyo maana nozeli, kile kichwa kidogo cha mwisho wa bunduki kinachotoa maji, ina uzito kuliko bar. Rangi zake zimezoeleka karibu kila mahali, na kila moja ina pembe ambayo maji yanatawanyikia: nyekundu ni digrii 0, njano 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya sabuni. Nyekundu inatoa mchirizi mmoja kama sindano. Kwangu mimi inakaa droo. Ya kijani, ukiishika sentimita 30 kutoka kwenye gari, inafagia upana wa takriban sentimita 13. Nyeupe inafagia kama 22. Ukisogea hadi sentimita 15, upana unakuwa nusu na nguvu yote ile inaangukia eneo dogo. Kwa hiyo unaweza kuharibu gari kwa mashine ndogo ukisogea mno, na unaweza kuliosha salama kwa mashine kubwa ukikaa mbali. Sentimita 30, nozeli nyeupe kwenye rangi, kijani kwenye matope ya chini ya mlango. Ile nozeli inayozunguka, ambayo wauzaji huipenda kwa kelele na mbwembwe zake, ni ya saruji. Isikaribie gari.

Tairi watu hulisahau. Ubavu wake unaonekana mgumu, kumbe maji makali ya karibu yanaweza kuuumiza kwa ndani na nje usione kitu. Rejeta ina mapezi membamba ya aluminiamu yanayolala kwa msukumo mdogo tu. Kwenye injini kuna soketi za nyaya ambazo zimetengenezwa kuvumilia mvua, si kupigwa na bar mia. Pikipiki na baiskeli ni hivyohivyo: usielekeze maji kwenye beringi za magurudumu wala kwenye mnyororo, maana grisi iliyomo ndani ndiyo itakayotoka.

Halafu sabuni. Hapa ndipo ninapotofautiana na video nyingi za watu wanaoosha gari kwa kulielekezea bunduki tu. Vumbi la barabarani limechanganyika na mafuta na moshi, na maji matupu hayaliondoi kwa presha yoyote iliyo salama kwa rangi. Kinachofanya kazi ni povu na muda. Suuza kwanza, paka povu, liache dakika tatu hadi tano gari likiwa kivulini, na usiruhusu likauke. Ukisogea utaona povu jeupe likianza kushuka mlangoni likiwa na michirizi ya kahawia. Hiyo ni kazi inayofanyika bila wewe kusugua. Kisha suuza kuanzia juu. Bado kutabaki utando mwembamba unaoonekana gari likikauka, na huo unataka glovu laini na ndoo. Wanaouza wazo la kuosha bila kugusa kabisa wana gari safi tayari.

Kwa sababu hiyo, ukinunua, ulizia chupa ya povu inayofungwa kwenye bunduki. Kile kitenki cha sabuni kilichojengwa ndani ya mashine nyingi hutoa majimaji yenye harufu ya sabuni, si povu. Pia elewa kwamba sabuni ya kitenki hicho inavutwa pale tu presha ikiwa ya chini, yaani kwa nozeli nyeusi. Wengi huirudisha dukani wakidhani imekufa.

Nyumbani mambo ni mafupi zaidi. Saruji na mawe magumu: piga. Vigae: piga, ila usikazie viungo vyake. Mbao laini zitaota manyoya, kwa hiyo fuata mkondo wa mbao na ukae mbali. Matofali ya zamani yenye saruji inayomong'onyoka, acha. Paa la vigae usilipige kutoka chini kwenda juu, maji yataingia ndani. Na mabati ya asbesto, yale ya kijivu yanayofanana na saruji, yasiguswe na mashine ya presha hata kidogo. Yanatoa nyuzi ambazo hazitakiwi kuingia kwenye mapafu ya mtu.

Sasa maji. Mashine ya lita 7 kwa dakika inataka bomba linalotoa zaidi ya lita 7, na hilo boksi halikuulizi. Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba utakalolitumia, kupitia mpira uleule utakaoutumia, uhesabu. Ikijaa kwa dakika moja, uko sawa. Ikichukua dakika mbili, una lita 5, na pampu itaanza kunyonya hewa: bunduki inatikisika mkononi, maji yanatoka kwa kukatakata, mlio unabadilika. Ukiendelea hivyo, vipovu vinavyopasuka ndani ya pampu vinaila taratibu. Dawa si mashine kubwa zaidi. Dawa ni tangi lililoinuliwa, mpira mnene na mfupi, na mashine yenye uwezo wa kujivutia maji kutoka kwenye chombo. Si zote zinao, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Chujio la kuingilia maji nalo lisitolewe kwa kisingizio kwamba linapunguza kasi. Mchanga kidogo tu unatosha kuchana sili, zile raba za ndani ya pampu zinazozuia maji kuvuja.

Kuhusu mota, zipo za brashi, yaani zenye vipande vya kaboni vinavyosugua ndani, na zipo za indakisheni, zisizo navyo. Za brashi ni nyepesi, za bei nafuu na zina kelele ya kuamsha mtaa mzima. Za indakisheni ni nzito, zinanguruma kwa sauti ya chini na kwa kawaida zinadumu zaidi. Unaosha gari mara moja kwa wiki? Ya brashi inatosha, ila ipumzishe. Unafikiria kuoshea na magari ya watu? Lipia uzito. Kichwa cha pampu cha chuma, iwe aluminiamu au shaba nyeupe, ni bora kuliko cha plastiki, na muuzaji asiyejua cha kwake ni cha nini hajawahi kukifungua.

Mpira wa kutokea maji unaokuja na mashine za bei ya chini ni plastiki ngumu ya mita tano, wenye kumbukumbu kuliko tembo: unajikunja vilevile ulivyokunjwa kiwandani. Mita tano hazizunguki gari. Utajikuta unaikokota mashine, inaanguka kifudifudi, unaiinua. Mita nane ndiyo mwanzo wa raha. Ukitaka kubadilisha, angalia kiungio: nati nyingi ni M22, lakini kipini cha ndani kipo cha milimita 14 na cha 15, na ukichanganya maji yatavuja hata ukikaza kwa spana.

Za betri ni nyepesi na nzuri kwa baiskeli au viatu vya matope. Kwa uwanja usijisumbue. Za petroli zina nguvu, zinafaa pasipo na umeme, na hazipaswi kuwashwa ndani ya gereji iliyofungwa, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi. Za umeme zinataka soketi yenye swichi inayokata umeme ukivuja, na kama lazima utumie ekstensheni, iwe nene, ikunjuliwe yote, na kiungio kisilale kwenye maji.

Jambo moja sitanii nalo: usivae kandambili, na usijioshe miguu kwa bunduki, hata kwa utani. Maji haya hutoboa ngozi. Tundu linaweza kuonekana dogo kama la mwiba huku ndani maji na uchafu vimeshasambaa, na hilo ni la kwenda hospitali saa hiyohiyo, si la kupaka dawa na kusubiri kesho.

Ukiangukia iliyotumika, usiridhike na kuona ikirusha maji mbali. Omba iwashwe, fyatua, kisha achia kifyatulio. Kwenye mashine nyingi za umeme za nyumbani mota inapaswa kuzima papo hapo na kubaki kimya. Simama pale dakika moja nzima ukizungumza na mwenye mashine mambo mengine. Ikijiwasha kwa sekunde moja, ikazima, ikajiwasha tena bila mtu kuigusa, kuna mahali presha inavuja: huenda ni oringi, ile pete ya raba ya kwenye kiungio, ya bei ya chini, huenda ni vali ndani ya pampu. Angalia viungio vya nje kwanza. Vikiwa vikavu, teremsha bei au muage.