L ya Lutrine Ilitoka Wapi?

Kivumishi cha Kiingereza lutrine, kinachohusu fisi maji, ni nadra kukutwa nje ya maandishi ya zoolojia. Kimejengwa juu ya jina la Kilatini la mnyama huyo, lutra, pamoja na kiambishi tamati -inus, kilekile kilichozaa canine kwa mbwa na equine kwa farasi. Kiambishi hakina ubishi. Ubishi uko kwenye konsonanti ya kwanza ya lutra.

Lugha kadhaa zilizo ndugu na Kilatini humwita fisi maji kwa jina linaloanza na irabu na lenye mzizi wa maji: udra katika Kisanskriti, ūdra katika Kilithuania, na hata otter ya Kiingereza. Kwa kuwa dr ya kale hugeuka tr katika Kilatini, tungetarajia utra. Wapo wanaosema kwamba l iliingia kwa mvuto wa lutum, yaani tope, na wapo wanaoielekeza kwenye kitenzi cha kuosha. Varro, msomi wa Kirumi wa karne ya 1 KK, alidai kuwa mnyama huyu hukata mizizi ya miti ukingoni na kuilegeza, hivyo akaliunganisha jina na kulegeza. Dai hilo halitusumbui, kwani fisi maji anakula samaki na kaa, si mizizi.

Anayepinga hoja ya mvuto atasema kwamba mfanano wa sauti si kanuni, na kwamba kwa njia hiyo neno lolote laweza kuozeshwa kwa jingine. Pingamizi hilo ni zito, ila historia ya baadaye inalipunguza nguvu: Kiitalia kimechomeka n katikati kikapata lontra, na Kihispania, katika nutria, kimeibadili l yenyewe kuwa n. Jina hili halijawahi kutulia.

Kati ya tope na kuosha, maana inapendelea kuosha, kwa sababu mnyama huyu hushinda majini. Umbo, hata hivyo, linapendelea tope: u ya lutum ni fupi, na o ya lontra inaashiria kwamba u ya lutra nayo ilikuwa fupi, ilhali ablutus, “aliyeoshwa”, ina u ndefu. Mimi naegemea umbo.

Fisi maji wa Ziwa Victoria mwenye madoa shingoni, aliyekuwa Lutra maculicollis, siku hizi huainishwa kama Hydrictis, jina lenye maji ya Kigiriki waziwazi. Lakini kwa kuwa bado yumo katika Lutrinae, kundi la kizoolojia la fisi maji wote, kivumishi lutrine kingali kinamfaa.