Kuanzia Aiskrimu hadi Viazi

Katika duka kubwa moja la Dar es Salaam, ambako nilifanya kazi ya kukusanya bidhaa za wateja wanaoagiza kwa simu, msimamizi wetu alipenda mpangilio kupita kiasi. Kila orodha aliyotukabidhi ilifuata alfabeti, kwa hiyo mkusanyaji mtiifu alianza na aiskrimu, akapitia mayai na nyanya, kisha akamalizia na viazi. Yaani kinachoyeyuka haraka kilizungushwa dukani kuliko vyote, na kilicho kizito kilikuja mwisho kukalia mayai.

Siku hiyo nilipewa oda 3 kwa mpigo, nikaamua kutumia akili yangu. Nilizipanga upya kwa kufuata rafu, vizito mwanzo na vya friza mwisho, na bidhaa iliyotajwa katika oda zaidi ya moja niliichukua kwa safari moja. Isitoshe, badala ya kusukuma toroli katikati ya watu, nililiegesha karibu na rafu ya sabuni, nikawa nakwenda mikono mitupu na kurudi nimebeba. Nakiri kwamba nilijiona mtaalamu.

Kasoro ya mbinu hii ni kwamba inamtaka mtu alitambue toroli lake, nayo matoroli ya pale yalifanana kama mapacha.

Nilikuwa nimeshapeleka unga, mchele, mayai na pakiti 2 za nepi, nilipomkuta mama mmoja mtu mzima ameuinamia mzigo wangu, akiutazama kwa mashaka.

"Shikamoo mama. Samahani, hilo toroli ni la kazi."

"Marahaba. La kazi gani, mwanangu, na mkoba wangu umo humu?"

Kweli mkoba ulikuwemo, chini ya mchele. Toroli langu lilikuwa hatua 3 pembeni, ndani hamna hata kiberiti.

Mama alieleza, kama mtu aliyeponea chupuchupu, kwamba kwa nusu saa nzima alikuwa akijihofia. Kila alipokwenda kutafuta kitu na kurudi, alikuta kingine alichokikusudia kimeshaingia torolini, akaamini kwamba umri umeanza kumchezea. "Unga nilikuja kuununua, mchele nilikuja kuununua. Nilipoona nepi ndipo nilipoogopa kabisa, maana mjukuu wangu wa mwisho yuko kidato cha pili."

Nikamuuliza imekuwaje mahitaji yake yalingane na mzigo wangu. Akajibu kwamba aliagiza kwa simu tangu saa 3 asubuhi, na ilipofika saa 6 bila kuona bodaboda wala kusikia honi yake, akaamua kuja mwenyewe. Nikatazama karatasi: oda ya pili ilikuwa yake, imeshalipiwa, pamoja na nauli ya bodaboda.

Nilitoa nepi, nikamletea aiskrimu yake, mwisho kabisa kama nilivyopanga, nikamsindikiza na mzigo hadi kwenye bajaji. Alipanda, akaegemeza miguu kwenye mfuko wa unga, kisha akanikunjulia kiganja akisubiri arudishiwe nauli ya bodaboda.