Sijapigwa risasi, ile ni rosela

Naomba mtulie kwanza. Sijapigwa risasi. Sijalazwa popote. Ile nyekundu mnayoiona kifuani kwenye video ni juisi ya rosela, na aliyeikata video ikaanzia pale niko chini miguu juu ni Kidevu, huyo huyo ambaye ukisikiliza voisi yake kwenye grupu la hapa Boise, Marekani, utadhani tulikuwa vitani. Mama mkubwa kapiga simu kutoka Muheza saa nane usiku kwa huku, anauliza nani atachukua shamba la michungwa. Yaani hata pole hajasema, kaanzia kwenye shamba.

Sasa ngoja nieleze mimi, maana aliyeaibika ni mimi.

Mnaonifuata siku zote mnaijua Hornet yangu, ile raifo ndogo ya .22 ninayoendea kindi wa ardhini huko jangwani kusini ya mji, nimewachosha nayo. Wageni: ndiyo, risasi zake najazia mwenyewe gereji, na ndiyo ni halali, huku Idaho mzee wa kanisa anajaza, fundi bomba anajaza, na kiwanda cha CCI wanaotengeneza praima kiko humu humu jimboni, Lewiston. Praima ndo ile fataki ndogo inayokaa kwenye kitako cha ganda. Pini inaigonga, inatema moto, moto unawasha baruti. Hapo tu ndo pa kuelewa, mengine yote ni fedheha.

Shida yangu ilikuwa risasi kutawanyika. Moja katikati, inayofuata huko pembeni ya karatasi, na mimi mkono sijatikisa. Jirani yangu mzee mmoja mstaafu, ndo aliyenifundisha hii kazi, akaangalia maganda yangu akasema tatizo ni praima. Ganda la Hornet ni kidogo, linabeba baruti greni 12 au 13 hivi (greni ni kipimo cha uzito, kidogo sana), na shingo yake nyembamba haikishiki kichwa cha risasi kwa nguvu, sasa ukiweka praima ya raifo yenye moto mkali, praima peke yake inakisukuma kile kichwa kutoka shingoni kabla baruti haijashika vizuri, halafu kila risasi inasukumwa kivyake, basi kila moja inaenda inakotaka. Akaniambia jaribu za bastola, zile ndogo. Kipenyo ni kimoja, inchi 0.175, zinakaa tundu lile lile, ila moto wake ni mpole na bati lake jembamba zaidi. (Msikimbilie kuziweka kwenye .223, ile risasi nyingine ya raifo, presha yake ni kubwa, bati litatoboka gesi ikurudie. Hata Remington wana praima laini ya raifo, namba 6½, inayofaa vi-Hornet hivi, na wenyewe wanakukataza kuiweka kwenye .223.)

Mimi nikiambiwa kitu lazima nikione kwa macho. Mzee akanipa jaribio la kizamani: tengeneza chache bila baruti kabisa, praima na kichwa tu, piga moja, kisha ingiza fimbo mtutuni upime kichwa kimesukumwa hadi wapi, kitoe, ndo upige nyingine. Za raifo na za bastola, uone ipi inasukuma zaidi. Nikatengeneza. Na kwa sababu mimi najiona msomi nikaweka alama za maka peni kwenye vitako: nyekundu praima ya raifo, bluu praima ya bastola.

Za kupigia, zenye baruti: bluu.

Za majaribio, zisizo na baruti: nazo bluu, si praima ni ya bastola?

Lakini nilizitenga jamani! Kiboksi chake, juu nimeandika TUPU kwa herufi kubwa. Kidevu kafika asubuhi kunisaidia kupakia gari, kakuta viboksi viwili vya bluu, kila kimoja nusu, na Kidevu bwana ana ugonjwa wa kupanga vitu, akavimimina kuwa kimoja. Kile cha TUPU akasoma kwamba ndani hamna kitu, akakitupa. Haya yote kanieleza baadaye, tena kwa kucheka.

Mtasema si ungetikisa usikie baruti. Nilitikisa! Natikisaga kila moja. Baruti ninayotumia inajaza ganda hadi shingoni, kwa hiyo iliyojaa haitoi sauti, na tupu nayo haitoi sauti. Na mizani nimeiacha gereji.

Jangwani tulikuwa wengi siku hiyo kwa sababu nilikuwa nimetangaza. Kulikuwa na mwenyekiti wetu wa jumuiya, Mama Furaha yule wa Bukavu na wanawe, mzee jirani, Kidevu na simu yake, hotipoti mbili za pilau, na jagi la rosela nililoliweka nyuma ya kiti changu kwenye kivuli. Kumbukeni hilo jagi.

Nikapiga za kwanza. Jamani zilikaa! Yadi 100, tundu juu ya tundu, Mama Furaha ndo ameshika darubini anasema eeh baba, eeh baba. Na mimi kichwa kikavimba. Nikageuka nikaanza kuwapa historia ambayo hakuna aliyeiomba, kwamba hii risasi Winchester waliitoa mwaka 1930, kwamba kabla ya hapo jamaa wa Springfield Armory, kiwanda cha silaha cha jeshi la Marekani, walikuwa wanaichezea kwenye miaka ya 1920, akina Townsend Whelen, kwamba ganda lenyewe limetokana na la risasi ya zamani, .22 WCF ya 1885, enzi za baruti nyeusi, ndo maana jembamba hivi, na kwamba siri yote, mwenyekiti nisikilize, siri yote iko kwenye praima. Mwenyekiti anatafuna kachumbari.

Nikainamia tena bunduki. Sasa hapa niacheni niende polepole kwa sababu ndo sehemu inayoniamsha usiku.

Nikavuta pumzi. Nikaitoa nusu. Kidole kikagusa triga, nikakaza taratibu kama mzee alivyonifundisha.

Pt.

Si pa. Pt. Mlio wa soda iliyokaa wazi tangu juzi. Na Hornet hairudishi bega hata ikipiga kweli, kwa hiyo bega halikuniambia kitu. Masikio nimeyaziba, nikadhani labda sijasikia vizuri. Nikanyamaza. Watu wote wamenyamaza. Kuna mtoto akasema, "Imejamba."

Mtu mwenye akili hapo anaacha. Mimi nikatabasamu. Nikageuka kwa mwenyekiti nikasema, kwa kujiamini kabisa, video ipo, "Hiyo haijawaka, mnaona sasa umuhimu wa praima?" Nikavuta bolti, ganda likaruka. Sikuliangalia. Lingeniambia kila kitu lile ganda, shingo yake ilikuwa wazi, kichwa hakipo, nilitakiwa nijiulize kichwa kimekwenda wapi. Sikujiuliza. Nikasukuma nyingine ndani. Nikafunga bolti. Nikaweka shavu.

Mama Furaha, darubini bado machoni, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Lakini baba, ile ya sasa hivi imepita wapi? Karatasi haina tundu mupya."

Nakumbuka niliisikia hiyo sentensi. Nakumbuka nikaiona haina maana. Kidole kikaanza kushuka kuelekea kwenye triga.

Mzee jirani alikuwa amekaa mbali anafunua hotipoti. Yule mzee ana magoti ya bandia yote mawili. Sijui alifikaje. Nilichosikia ni ukelele mmoja wa "ACHA!" sikioni pangu na kiganja kikubwa kimetua juu ya bolti, na mimi nikadhani ni nyoka, sijui kwa nini nyoka, nikapiga yowe "MAMA YANGUUU" nikajirusha nyuma, na kile kiti ni vile vya kukunja vya kambi, kikajikunja nami nikiwa ndani yake. Tukaenda pamoja. Bunduki ikabaki salama juu ya mifuko yake ya mchanga. Mimi nikatua kwenye jagi.

Video ya Kidevu inaanzia hapo.

Niko chali, miguu hewani, kiti kimenibana kiunoni, shati jeupe limelowa nyekundu tupu, na kwa sababu rosela ilikuwa na barafu siwezi kuongea, nahema tu. Mwenyekiti anasoma dua. Mtoto yule yule anasema amekufa. Kidevu hasogei kunisaidia, anazungusha simu apate angle nzuri, halafu anasema ile sentensi iliyomwamsha mama mkubwa, "Ndugu zangu, bunduki imemgeukia."

Baada ya hapo haraka haraka tu: mzee akatoa ile risasi iliyokuwa chemba, yaani ndani ya bunduki tayari kupigwa, akaingiza fimbo ya shaba mdomoni mwa mtutu, akagonga kidogo, kichwa kikadondoka. Kilikuwa kimeenda karibu inchi tatu kikakwama. Mzee akaipima alama kwenye fimbo, akatoa kidaftari mfukoni akaandika, bila kucheka hata kidogo, "Bastola, inchi tatu kasoro." Pilau tukala. Nyumbani nikazipima bluu zote kwenye mizani, tofauti ya greni kumi na kitu inaonekana wazi, na ile iliyokuwa chemba ilikuwa na baruti hadi shingoni. Mtutu umeziba mbele na risasi kamili nyuma, ingenipasukia usoni. Hiyo sijamwambia mke wangu na nyie msimwambie.

Mama mkubwa nimemtumia picha, nyusi zipo, kifua kizima, shamba la michungwa halina mrithi mpya. Amejibu kwamba Kidevu kamtumia video ndefu zaidi.

Za nyekundu bado hazijapimwa. Tunazipima Jumamosi, mimi na mzee tu, na mwenye kuniuliza wapi simjibu.