Fundi, choo kikae kwanza ndo ukaze

Jumapili asubuhi mama kaniita kutoka chooni kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nimekimbia nikamkuta kashika ukuta kwa mikono miwili, anatetemeka. Alitaka kukaa, choo kikayumba kikampeleka pembeni. Hakuanguka, Mungu mkubwa. Ila tangu siku hiyo kile choo hakitaki tena, na magoti yake yale anaenda cha nje cha kuchuchumaa, akirudi namsikia anavyohema.

Na choo chenyewe kimefungwa mwezi uliopita tu! Fundi alipokiweka niliona kinacheza, nikamwambia, akanijibu usijali bosi, nikikaza skrubu kitatulia halafu napiga saruji nyeupe. Akakaza, kikatulia, akachukua hela yake akaenda. Wiki ya 3 saruji nyeupe ikaanza kupasuka kwa nyuma, harufu ikaja, sisi tunamwaga dawa tukidhani ni uchafu kumbe maji machafu yanavuja pale sinki la choo, lile la kukalia, linapoingia kwenye bomba la inchi 4, maana kila mtu akikaa sinki linanyanyuka kidogo na mpira wa kuungia unaachia.

Jamani mafundi, nawaomba sana. Skrubu kazi yake ni kushikilia kitu ambacho kimeshakaa, sio kukilazimisha kikae. Sakafu ya bafuni inawekwa mteremko ili maji yaende kwenye tundu, sentimita moja au mbili kwa kila mita, kwa hiyo sinki kukataa kukaa sawa sio ajabu wala sio kosa la mtu. Kosa ni kulibana kwa nguvu. Sinki ni kauri, halipindi, upande mmoja ukiwa unaning'inia uzito wote wa mtu unaenda kwenye sehemu mbili tatu tu, ipo siku litapasuka, na kauri iliyopasuka inachana nyama kama wembe. Mnajua nani yuko juu yake siku hiyo?

Nimeletewa fundi mwingine, mzee, kaja na pimamaji, kile kifaa chenye kipovu cha kupimia usawa. Kang'oa sinki lote, kakwangua saruji ya zamani, kalirudisha kavu bila kitu chochote, akawa anabonyeza kona moja moja huku kainamisha sikio anasikiliza. Pale lilipogonga akachomeka kabari nyembamba za plastiki, moja, mbili, akapima mbele na nyuma, kulia na kushoto, mpaka kipovu kikakaa katikati. Ndo akaweka skrubu, anakaza huku kidogo na huku kidogo. Akakata kabari zilizochomoza, akazungushia silikoni, nyuma akaacha nafasi ndogo, akasema hapo pakivuja siku nyingine utaona mapema. Akakataza mtu kukalia mpaka kesho yake. Haikuzidi masaa mawili.

Sawa, najua wateja tunawaharakisha na hela yenyewe ndogo, hata mimi nilimharakisha yule wa kwanza kwa sababu mama anakuja. Na pengo likiwa kubwa la kuingia kidole kabari haisaidii, marumaru zing'olewe tu zipangwe upya. Lakini kupima ni dakika tano!

Mama bado hajakitumia. Jana usiku nimemkuta kasimama pale gizani, kaweka mkono juu ya choo anakisukuma taratibu, anaangalia kama kitacheza.